Binti, Kihispania na shujaa wa usiku wa manane

KATIKA nyumba moja ya Kwamndolwa, Korogwe, mvutano wa wiki kadhaa sasa ni juu ya simu. Binti wa miaka 17 amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Kila usiku anajifunika shuka na kuangalia tamthilia ya Kihispania. Mama yake anasema usingizi unapotea bure. Yeye anasema anasoma.

Kwa maoni yangu, wote wawili wako sahihi.

Tamthilia yenyewe ni Águila Roja, yaani Tai Mwekundu, iliyorushwa na televisheni ya taifa ya Hispania kuanzia 2009 hadi 2016. Ni kisa cha karne ya 17. Mchana Gonzalo ni mwalimu wa shule. Usiku anafunika uso, anashika upanga na kuwatetea wanyonge, huku akitafuta ukweli kuhusu kifo cha mke wake. Mtumishi wake Sátur, mcheshi na mwoga kidogo, humwita “amo”, maana yake bwana. Neno hilo binti alilikamata siku ya kwanza, bila kamusi.

Hapo ndipo tamthilia ya mapigano inapomfaa anayejifunza. Mtu akipiga kelele “¡corre!” na wote wakatimua mbio, hakuna haja ya kueleza kwamba maana yake ni kimbia. Tumezoea kuangalia Jumong ya Wakorea au Sultan ya Waturuki kwa sauti ya Kiswahili. Ni burudani nzuri, lakini Kikorea hukipati hapo.

Na Kihispania hakiko mbali nasi kama tunavyodhani. Irabu zake ni a, e, i, o, u, zinazosomeka karibu kama zetu. Meza kwao ni “mesa”, bendera ni “bandera”. Sisi tuliyapata maneno hayo kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Sukari ni “azúcar”, na asili yake ni Kiarabu kwetu na kwao. Hata mkonge wa Korogwe ni mgeni kutoka huko: asili yake ni Yucatán, Mexico, ambako kuna bandari iitwayo Sisal. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka 1893.

Binti huyu anataka kusomea uuguzi, na amesikia kwamba madaktari wa Kuba wamefanya kazi nchini kwa miaka mingi. Si ndoto ya kuchekwa.

Tatizo ni saa. Kipindi kimoja kinazidi saa nzima, na viwili vinamfikisha saa saba usiku. Saa kumi na moja alfajiri anaamka kuchota maji. Amelala saa nne, wakati wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Tena usingizi ndio wakati ubongo unapoyahifadhi maneno mapya, kwa hiyo anayekesha anapoteza sehemu ya alichokesha akijifunza.

Ningekuwa mzazi wake nisingemnyang’anya simu. Ningemwambia aangalie dakika ishirini jioni, mezani, mbele ya watu, arudie kipande kilekile mara mbili, kisha amsimulie mama kwa Kiswahili kilichotokea. Akishindwa kusimulia, hakuelewa.

Wadogo zake wasikae hapo. Kuna damu, na kuna mambo ya chumbani. Na mzazi asidhani kwamba kumweka mtoto mchanga mbele ya katuni za kigeni kutampa lugha. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba watoto wa miezi tisa waliochezeshwa na mtu anayesema Kichina walizitambua sauti za lugha hiyo; waliomwona kwenye video tu hawakupata kitu.

Jambo jingine dogo kwa binti: tamthilia za kale zina heshima za kale. “Vuestra merced” ya enzi zile leo imefupishwa ikawa “usted”. Akimwita daktari wa Kuba kwa ile ya zamani, daktari atacheka, kama konda wa basi la Handeni akiitwa mwinyi.