Gemu za Hadithi na Ugomvi wa Mashabiki Wake

Katika makala haya ningependa kuwaeleza juu ya jambo ambalo wazazi wetu huliona kuwa upuuzi mtupu, na ambalo sisi vijana tukikutana likizoni hutukesha usiku kucha: gemu za hadithi zinazochezwa kwa mashine kama PlayStation, Xbox na Nintendo. Nitasema pia juu ya ugomvi wa mashabiki wake, maana ugomvi huo umefika hata bwenini mwetu.

Mtu wa makamo akisikia neno "PS" hufikiria mpira. Si ajabu. Kuanzia Makutano mjini Meru hadi Majengo kule Embu, ukipita mbele ya kibanda chenye pazia mlangoni na kelele ndani, aghalabu ni mpira unaochezwa humo: ile gemu iliyoitwa FIFA miaka nenda miaka rudi, kisha mwaka 2023 ikabadilishwa jina ikawa EA Sports FC, ingawa sijasikia mtu kwetu akiiita hivyo. Mpira ni mchezo wa dakika chache. Unalipa, unacheza, unafungwa, unampisha mwenzako. Mwenye kibanda anaupenda kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa kila baada ya muda mfupi kuna mkono mwingine unaonyoosha pesa.

Gemu ya hadithi haimletei faida kama hiyo. Inataka saa ishirini, thelathini, hata zaidi, za mtu mmoja aliyekaa kitako. Ukimwomba mwenye kibanda akuwekee gemu ya namna hiyo atakutazama kama mtu aliyeingia hotelini, akaketi kwenye meza kubwa na kuagiza chai moja. Halafu kuna suala la kuhifadhi. Gemu hizi hukumbuka mahali ulipofika ili kesho uendelee kutoka hapo. Lakini kumbukumbu yenyewe hukaa ndani ya mashine, na mashine ya kibandani ni ya kila mtu. Likizo moja nilikuwa nimevuka nusu ya safari. Niliporudi siku iliyofuata nikakuta kijana fulani ameanza upya, akahifadhi juu ya kazi yangu. Akiba yangu ya wiki mbili ikayeyuka hivyo, na pa kushtaki hapakuwa. Ndiyo maana wengi wetu tunaozipenda gemu hizi tulizijua nyumbani kwa jamaa fulani mwenye mashine, tukitazama zaidi kuliko kucheza.

Gemu ya hadithi ni nini hasa? Fikiria riwaya ambayo mhusika wake hasogei mpaka wewe umsogeze. Mlango haufunguki mpaka uufungue. Akiwa na njaa, dawa ni kazi yako kuitafuta. Mwandishi ameshaandika yatakayotokea, lakini ameiacha miguu ya mhusika mikononi mwako.

Nitatoa mfano wa God of War iliyotoka mwaka 2018. Kratos ni mpiganaji ambaye katika gemu za awali, zilizoanza mwaka 2005, aliiua miungu ya Wagiriki mmoja baada ya mwingine. Wacha hiyo. Katika ile ya 2018 yuko nchi za baridi kaskazini, amezeeka, ana ndevu na mtoto wa kiume aitwaye Atreus. Mama wa mtoto amefariki. Ameacha wosia kwamba majivu yake yapelekwe kilele kirefu kuliko vyote na kutawanywa huko. Hicho ndicho kisa chote, baba na mwana kubeba majivu. Baba hajui kuzungumza na mtoto. Mara nyingi hamwiti hata kwa jina, humwita "kijana" tu, kama askari anavyomwita mtu asiyemjua.

Lenye kunipendeza zaidi ni mashua. Wanapovuka maji hakuna wa kupigana naye, basi mtoto huomba hadithi. Baba husimulia hadithi fupi, kavu, isiyo na utamu, na mtoto hulalamika. Ukifika ukingoni kabla hadithi haijaisha, inakatika. Ukirudi majini, inaendelea. Kwa hiyo mchezaji mwenyewe ndiye huamua kama hadithi isikike hadi mwisho au la, kwa kupiga makasia polepole. Fauka ya hayo, tangu mwanzo wa gemu mpaka mwisho picha haikatwi hata mara moja. Unawafuata wawili hao mgongoni kama mtu wa tatu katika safari.

Ni kweli gemu hiyo ina damu nyingi na imewekewa alama ya miaka 18. Sitawaficha walimu. Mimi niliitazama kaka yangu akiicheza, mama akiwa nyuma yetu anachambua maharagwe. Mama hajali mambo ya PS. Lakini jioni ya tatu alisimamisha mkono akauliza, "Na huyo mzee, hajawahi kumkumbatia mtoto wake hata siku moja?" Kuanzia hapo akawa anauliza kila jioni wamefika wapi.

Wakongwe wa gemu hizi watakutajia Final Fantasy VII ya mwaka 1997, iliyokuwa kubwa mpaka ikagawanywa katika diski tatu. Humo mna msichana aitwaye Aerith ambaye huuawa kwa upanga katikati ya kisa. Watu wazima walilia. Asiyecheza atashangaa: watu hufa katika kila riwaya, kwani huyu ana nini? Jibu ni kwamba umetembea naye saa nyingi, umemnunulia silaha, umemtibu akiumia, umempanga vitani mahali pa salama. Halafu ameondoka, na katika pedi nzima hakuna kitufe cha kumrudisha.

Sasa niingie kwenye ugomvi. Bwenini kwetu kuna makundi mawili, watu wa PlayStation na watu wa Xbox. Rafiki zangu wawili, mmoja wa Nkubu na mwingine wa Runyenjes, walikosana juu ya jambo hili mwaka jana, na muhula mzima wa pili hawakuongea. Hata kupitishiana chumvi mezani hawakutaka. Kichekesho ni kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye mashine. Wa Nkubu hucheza kwa binamu yake Nairobi, na wa Runyenjes alionyeshwa Xbox na mjomba aliyetoka Marekani, mjomba akarudi nayo.

Chanzo cha ushabiki huu ni biashara. Mashine ni ghali, na familia ikinunua moja hainunui ya pili. Kampuni inajua hivyo, kwa hiyo hugharimia gemu nzuri ambazo hazichezwi kwingine ila kwenye mashine yake. Sony, kwa mfano, ilinunua karakana ya Naughty Dog mwaka 2001, na karakana hiyo ndiyo iliyotunga The Last of Us mwaka 2013. Aliye na Xbox aliikosa. Sasa mtu aliyekosa kitu kizuri ana njia mbili, aseme nimekosa, ama aseme kile kitu si kizuri. Wengi hushika hiyo ya pili.

Na vita hivi si vya leo. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa Sega dhidi ya Nintendo, Sonic dhidi ya Mario. Watoto wa Marekani na Uingereza waliapa kwamba hawatagusa mashine ya adui. PlayStation yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi. Sony na Nintendo walikuwa wakishirikiana kutengeneza mashine ya diski, na mwaka 1991 kule Chicago Sony ikaitangaza. Siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kwamba itashirikiana na Philips badala yake! Sony ikaendelea peke yake, na Desemba 1994 PlayStation ikatoka Japani. Mwaka 2001 Sega ikaacha kabisa kutengeneza mashine. Na Sonic je? Mwaka 2007 alionekana katika gemu moja na Mario, wakikimbia pamoja mbio za Olimpiki kwenye mashine ya Nintendo. Vivyo hivyo, Gears of War, iliyokuwa fahari ya Xbox tangu mwaka 2006, ilitolewa kwa PlayStation 5 Agosti 2025. Wenye kampuni walikwisha kupatana. Rafiki zangu wakati huo walikuwa bado hawapitishiani chumvi.

Kurushiana maneno ni utani tu, na mimi pia huwatania watu wa Xbox. Kuna mahali lakini utani unapokwisha. Mwaka 2020 ilitoka sehemu ya pili ya The Last of Us, ambapo mhusika aitwaye Abby anamuua mtu aliyependwa sana na wachezaji. Mwigizaji aliyetia sauti ya Abby, Laura Bailey, akaanza kupokea vitisho vya kuuawa. Jamani, mama wa watu, kwa jambo lililofanywa na picha! Ni kama mtu asome tamthilia kisha aende kumpiga mawe aliyeigiza nafsi ya mhalifu.

Mfano mwingine unatugusa sisi wenyewe. Abubakar Salim ni mwigizaji aliyezaliwa Uingereza, wazazi wake wakiwa na asili ya Kenya. Mwaka 2017 alitia sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki, na Salim akaigeuza huzuni hiyo kuwa gemu. Karakana yake, Surgent Studios, iliitoa Aprili 2024 kwa jina la Tales of Kenzera: Zau. Kisa chake ni cha kijana Zau, mganga chipukizi, anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, akitaka arudishiwe baba yake. Kalunga anamwambia sawa, lakini kwanza niletee roho tatu kubwa zilizokataa kwenda. Zau hubeba vinyago viwili, cha jua chenye moto na cha mwezi chenye baridi. Sauti za gemu hiyo unaweza kuziweka kwa Kiswahili. Nilipoisikia mara ya kwanza nilinyamaza. Nilizoea kusikia Kiingereza na Kijapani vikitoka kwenye mashine hizo, na sasa mtu anamlilia baba yake kwa lugha ambayo nimeifanyia insha.

Gemu hiyo ilitolewa siku moja kwa PlayStation 5, Xbox, Nintendo Switch na kompyuta, kwa hiyo hakuna kambi iliyonyimwa. Hata hivyo, mwaka huo huo Salim alilazimika kutoa video kueleza matusi ya kibaguzi waliyokuwa wakitupiwa yeye na wenzake. Matusi hayo hayakuhusu vitufe wala picha. Yalihusu mtu mweusi kusimulia kisa chake.

Hapo ndipo nilipokumbuka Mbwaa. Wasomaji wa Meru wanaijua, lakini wenzetu wa Embu, ambao mna Mwenendega na Nthara wenu, huenda hamjaisikia yote. Kama nilivyosimuliwa, Wameru walikuwa utumwani Mbwaa, karibu na bahari, chini ya watu walioitwa Nguo Ntuune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa majukumu yasiyowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakikata kutoka ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali. Tengenezeni mkuki utakaofika mbinguni. Hilo halikuwezekana, ikabidi kutoroka. Kiongozi Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo yake, yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, waliovuka alfajiri Ntuune, na waliovuka kukishapambazuka Njeru.

Sasa niambieni, si gemu hiyo? Ina majukumu yanayopanda ugumu, ina fumbo, ina adui anayefuata nyuma, ina bahari. Sisi wanane katika chama tumeanza kuiandika kwenye daftari la kurasa 200, mlango kwa mlango, kila ukurasa ukimpa mchezaji la kuchagua. Yule wa Nkubu anaandika majukumu. Yule wa Runyenjes anachora, na amekubali kukaa dawati moja naye. Tumekwama baharini. Nusu yetu wanataka mchezaji awe Koomenjwe mwenyewe mwenye fimbo. Wengine, nami nikiwa mmojawapo, tunataka awe mtoto wa kundi la mwisho, yule anayevuka mchana kweupe huku akiwasikia Nguo Ntuune nyuma yake, asijue maji yatangoja mpaka lini. Mwenye maoni aje darasani kwetu Ijumaa baada ya michezo.