Viranja Wanaoilinda Kansa

Mwaka jana shangazi yangu alifariki kwa kansa ya titi. Tangu siku ile swali moja halikuniacha: mwili una askari wake ambao huua vijidudu vya maradhi kila siku, mbona askari hao waliuacha uvimbe ule ukue? Muhula huu nimepata jibu, nami napenda kuwaeleza wenzangu.

Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Lakini askari asiyezuiwa huweza kuwapiga hata wenyeji. Kwa hiyo ziko chembe nyingine za kuwatuliza, nami naziita viranja. Kama kiranja wa bweni anavyotunyamazisha kengele ya kulala ikilia, ndivyo nazo zinavyowazuia askari wasiushambulie mwili wenyewe. Bwana Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995: panya waliokosa chembe hizo walishambuliwa na askari wao wenyewe. Mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani.

Basi, hila ya kansa ni hii. Katika kansa nyingi, uvimbe huwaita viranja wengi wauzunguke. Askari wakifika, huambiwa watulie, kwamba hapa hapana vita. Nao hutii, na uvimbe huzidi kukua.

Je, tuwaondoe viranja wote? La, hasha! Shule isiyo na kiranja hata mmoja ni fujo tupu, na mwili nao ungejishambulia. Kazi ngumu ya wataalamu ni kuwaondoa wale wa uvimbeni tu. Wameona kwamba hao wana alama iitwayo CCR8 kwa wingi, ambayo viranja wa damuni wanayo kidogo. Dawa za kuifuata alama hiyo zimekwisha anza kujaribiwa kwa wagonjwa. Kujaribiwa si kuponya, lakini njia imeonekana.

Shangazi aliuficha uvimbe wake miezi mingi kwa haya, na alipofika hospitali ulikuwa umekwisha enea. Ndugu zangu, tukienda likizo tuwaambie mama zetu na dada zetu: uvimbe usiouma nao ni wa kuonyeshwa kwa daktari, tena mapema. Askari wa mwili wanaweza kunyamazishwa, sisi tusinyamaze.