Kwa Nini Mnazi Haukatwi Kilele

Kila inapokaribia Jumapili ya Matawi, vijana wa parokia huku Unguja hutoka kwenda kutafuta makuti. Mara nyingi shamba ni la jirani Mwislamu, naye hutoa kwa moyo mweupe, ila kwa sharti moja: "Chukueni ya chini, kilele msikiguse." Nilipofuatana nao mara ya kwanza, niliyataka yale machanga ya katikati, ambayo bado yamefumbata na yana rangi ya njano inayopendeza mkononi. Mkwezi akanijibu kwamba kama ni hayo ninayoyataka, basi niseme tu kwamba nataka mti ukatwe. Nilidhani anatia chumvi.

Mwili wa mmea umejengwa kwa tishu, yaani makundi ya seli zinazoshirikiana kazi. Seli nyingi zikishakomaa hazijigawi tena. Kuzaa seli mpya hubaki kuwa kazi ya tishu chache za pekee, ambazo wataalamu huziita meristemu. Mwembe au mkarafuu una meristemu kwenye ncha ya kila tawi, na tena una macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani. Ukikata tawi moja, jingine huchipua. Mnazi una ncha moja tu. Imefichwa ndani ya kilele, imefunikwa na majani machanga tabaka kwa tabaka, na kila kuti na kila karara asili yake ni hapo. Shinani hakuna jicho la akiba. Ncha hiyo ikifa, makuti yaliyokwisha kutoka huishi kitambo, kisha hubaki gogo lililosimama.

Ndiyo maana wakulima wanamchukia chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Hutoboa kilele na kupita katikati ya majani yaliyofumbata, na majani hayo yanapokunjuka baadaye huonekana kama yamekatwa kwa mkasi. Mti wenye makuti ya namna hiyo umeponea chupuchupu. Angefika kwenye ncha yenyewe, habari ingekwisha.

Shina nalo lina mambo yake. Kati ya ganda na mti wa mwembe kuna pete nyembamba ya seli iitwayo kambiamu. Upande wa ndani huunda zailemu, tishu inayopandisha maji na chumvi kutoka mizizini; upande wa nje huunda floemu, inayosafirisha sukari kutoka majanini. Kwa sababu ya pete hiyo mwembe hunenepa mwaka hadi mwaka, na jeraha lake hufunikwa polepole. Lakini floemu ikiwa kwenye ganda, kuna hatari yake: kamba ya mbuzi ikila ganda la mkarafuu kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa.

Mnazi hauna pete hiyo. Zailemu na floemu zake zimefungwa pamoja katika vifurushi vidogo vilivyotawanyika shina zima, vikabanana zaidi pembeni. Mwulize fundi aliyewahi kupasua gogo la mnazi, atakuambia nje ni mgumu na katikati ni laini. Kwa kuwa hakuna kambiamu, hakuna tishu mpya ya kufunika jeraha. Vidato alivyochonga mkwezi wa zamani bado viko wazi vilevile leo. (Neno hilohilo ndilo lililotupa kidato cha kwanza hadi cha sita, nasi wengine tulivipanda kwa taabu kama hiyo.) Tena seli za floemu zilizo chini ya shina hazina za kuzirithi, hivyo hudumu zikiwa hai miaka yote ya mti. Mgema anapokata karara asubuhi na jioni, utamu anaoukinga ni sukari iliyopitia humo.

Darasani tunasoma kwamba Aristotle, katika kitabu chake juu ya nafsi, aliona kuwa mimea ikikatwa vipande huendelea kuishi kila kipande peke yake. Kwa muhogo yuko sahihi kabisa: pingili moja ardhini inatosha. Kwa mnazi, hapana, na sidhani Wagiriki wote wangeshangaa. Xenophon, aliyepita nchi ya Babeli na jeshi kabla Aristotle hajazaliwa, aliandika kwamba askari walikula kiini cha kilele cha mtende, na kwamba mtende ulioondolewa kiini hicho ulinyauka wote. Waliita kiini hicho ubongo. Mtende na mnazi ni wa jamii moja, na nadhani mkwezi wetu angelipenda jina hilo.

Kwa hiyo mwaka ule tulibeba makuti ya safu ya chini, yale ambayo baada ya muda yangeanguka yenyewe. Ni ya kijani iliyokolea, na ni magumu kusuka misalaba kuliko yale ya njano. Ukitoa chelewa katikati ya kila ukuti, ukaupasua upande upande, husukika vizuri tu.