NENO "AMBIGUOUS" NA AYA ZA MUTASHABIHAT



Wanafunzi wetu wengi asubuhi wako shuleni na jioni wako madrasa. Shuleni wanasoma Kiingereza, madrasa wanasoma Kiarabu, na nyumbani wanazungumza Kiswahili. Maneno ya lugha hizi tatu hukutana katika kichwa kimoja, na mengine hugongana. Tumeona tulieleze neno moja la Kiingereza, "ambiguous", kwa kuwa vijana wetu hukutana nalo mahali pazito, yaani katika tafsiri ya Qur'ani.

Anayefungua tafsiri ya Arberry, iliyotoka mwaka 1955, au ile ya Abdel Haleem ya mwaka 2004, akifika Suratu Aal Imran aya ya 7 atakuta aya za Qur'ani zimetajwa kwa mafungu mawili. Ziko zilizo wazi, na ziko ambazo wafasiri hao wameziita "ambiguous". Kijana akiitazama kamusi ya shule ataambiwa kuwa neno hilo maana yake ni "-enye utata". Hapo swali linazuka, na pengine mwenzake wa darasani ndiye anayelileta kwa kejeli: vipi kitabu cha uongofu kiwe na utata? Mtoto akiuliza hivi asikemewe. Ajibiwe, na jibu linaanzia kwenye lugha.

Neno "ambiguous" Waingereza wamelitoa katika Kilatini. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kwenda huku na huku, kama mchungaji anayeswaga mbuzi mara upande huu mara upande ule. Kwa hiyo maana yake hasa ni jambo lenye njia mbili au zaidi, na msikilizaji hajui ashike ipi. Tukisema "Bibi ameagiza mbuzi", mmoja ataleta mnyama na mwingine ataleta kibao cha kukunia nazi, na wote wawili wamesikia vizuri. Mgeni aliyezoea saa za Kizungu akikwambia "tukutane saa tatu", huenda anakusudia saa ambayo sisi twaiita tisa. Neno lipo na maana zipo, ila zimezidi moja.

Hili lisichanganywe na "vague", neno jingine la Kiingereza ambalo wanafunzi huliweka mahali pamoja nalo. Mtu akisema "nitakulipa mbele mbele", hakuna maana mbili hapo. Maana ni moja, lakini haina mpaka. Sheria yetu imelifunga jambo hili mapema sana. Katika Suratul Baqara aya ya 282 tumeamrishwa tuandikiane deni la muda uliotajwa, na Mtume (S.A.W.) alipowakuta watu wa Madina wakilipana fedha kwa matunda yatakayopatikana baadaye, aliwataka wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Ugomvi mwingi wa madeni mitaani kwetu ungekwisha kwa hadithi hiyo moja. Dawa ya "vague" ni kuongeza maelezo. Lakini "ambiguous" haiponi kwa kuongeza maneno tu, inataka dalili ya kukuonesha njia iliyokusudiwa.

Je, katika Qur'ani limo neno la namna hiyo, lenye njia mbili za wazi? Ndiyo, limo, na wanachuoni wetu hawakulificha. Katika usulul-fiqhi huliita mushtarak, neno lenye maana zaidi ya moja. Mfano unaosomeshwa sana ni "quruu" katika Suratul Baqara aya ya 228, inayohusu eda ya mwanamke aliyeachwa. Waarabu walilitumia neno hilo kwa hedhi, na pia kwa tohara iliyo baina ya hedhi mbili. Sayyidna Umar, Sayyidna Ali na Ibn Mas'ud (R.A.) walilichukua kuwa ni hedhi, na ndiyo kauli ya Imamu Abu Hanifa. Bibi Aisha (R.A.) alilichukua kuwa ni tohara, na hiyo ndiyo kauli ya Imamu Malik na Imamu Shafii, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunaifuata. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kwa Shafii, mwanamke aliyeachwa akiwa tohara, eda yake humalizika inapoingia hedhi ya tatu. Kwa Abu Hanifa humalizika inapokwisha hedhi hiyo ya tatu. Katika siku hizo chache za baina yake, mume wa talaka rejea bado ana haki ya kurejea kwa kauli moja, na hana kwa kauli nyingine. Na wote hao walikuwa na dalili zao, wala hapana aliyesema kuwa Kitabu kimekosea.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe la aya ya 7. Kiarabu chake ni "mutashabihat", na mzizi wake hautaji njia mbili hata kidogo. Mzizi wake ni kufanana. Msomaji wa Qur'ani ameshapita penye neno hili mara nyingi. Wana wa Israili walipoambiwa wachinje ng'ombe, walimwambia Nabii Musa (A.S.) kuwa ng'ombe wamewafanania. Matunda ya Peponi yametajwa kuwa yatafanana. Mizeituni na mikomamanga katika Suratul An'am imetajwa kuwa inafanana na haifanani. Na katika Suratuz Zumar aya ya 23, Qur'ani nzima imeitwa "mutashabih", yaani sehemu zake zinafanana kwa uzuri na ukweli, kama ambavyo Suratu Hud inaanza kwa kusema kuwa aya zake zote zimetengenezwa barabara. Hebu mtu ajaribu kutia "ambiguous" katika aya ya Zumar aone kama maana itasimama.

Basi mutashabihat ni aya ambazo maana zake zinakaribiana na kufanana hata asiyekuwa na elimu akachukua isiyokusudiwa, au ambazo uhakika wake haukufunuliwa kwetu, kama herufi za Alif Lam Mim. Wafasiri wa Kiingereza wamehangaika nalo neno hili. Pickthall mwaka 1930, na Yusuf Ali baada yake, waliandika "allegorical", yaani za mafumbo na mifano. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani naye katika Kiswahili aliziita aya za mifano. Kwa maoni yetu, hakuna hata moja kati ya hayo linalolijaza neno la Kiarabu, na ndiyo maana walimu wetu huliacha lilivyo na kulieleza.

Neno la Kiswahili "utata" nalo lina picha yake. Uzi ukijiviringa tunasema umetatana, na kuufungua ni kuutatua. Uzi uliotatana haujakatika. Ukipata ncha yake utaufuata mpaka mwisho, na aya yenyewe imetaja ncha hiyo, kwani aya zilizo wazi zimeitwa mama wa Kitabu, ambako nyingine hurejeshwa.

Na ajabu ni kwamba aya hiyohiyo ina mahali ambapo wanachuoni wamesoma kwa njia mbili. Misahafu yetu ina alama ya kusimama baada ya kutajwa kuwa hapana ajuaye taawili yake ila Allah. Wengi katika wema waliotangulia walisimama hapo, na waliobobea katika elimu wakawa ni wenye kusema tumeamini. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (R.A.), aliunganisha, wakawa waliobobea nao wanajua. Baadhi ya wanachuoni wakazipatanisha kauli hizi kwa kusema kuwa "taawili" nalo lina maana mbili. Ikiwa ni tafsiri ya maneno, wenye elimu wanaijua. Ikiwa ni uhakika wa mambo ya ghaibu, kama vile Kiyama kitasimama lini, hilo analo Mwenyewe peke yake.

Wallahu aalam.