Kidau cha Rimoti na Elimu ya Upepo

Kila twendapo ufuoni na vidau vyetu vya rimoti, hatumkosi wa kutucheka. "Watu wazima na ndevu zenu, mwacheza na vidau?" Swali si baya, na makala haya ndiyo jawabu langu.

Kwanza tuelewane. Kidau ninachokizungumzia hakina mashini ya kukisukuma. Chaenda kwa tanga, kama jahazi. Rimoti ina kazi mbili tu: kijiti kimoja chageuza usukani, cha pili chaamrisha winchi ndogo iliyomo ndani ya kidau ivute au ilegeze demani za matanga. Betri ni ya hayo mawili, basi. Upepo ukikatika utabaki kukitazama kidau chako kikichukuliwa na maji, na rimoti isikufae kitu.

Duniani kuna madaraja mengi ya vidau hivi. Moja lililoenea sana ni International One Metre, kwa kifupi IOM. Urefu wa bodi hauzidi milimita 1,000, uzito wa kidau kizima haupungui kilo 4, na kina chake majini hakizidi milimita 420. Mwisho wa mkuku kuna donge la risasi, nalo ndilo farumi inayokizuia kisipinduke. Kila kidau kinaruhusiwa seti tatu za matanga: kubwa kwa upepo mwanana, ya kati, na ndogo kwa siku ambayo kusi imekaza. Kuchagua seti ya siku hiyo ni nusu ya mashindano.

Mashindano yenyewe yana sheria zile zile za vyombo vikubwa, zikiongezewa chache za rimoti. Washindani husimama pamoja mahali palipotengwa ufuoni. Muda huhesabiwa kwa sauti, na anayevuka mstari kabla ya wakati hurudi akaanze upya. Kutoka hapo ni kupanda joshi hadi boya la kwanza. Hapo ndipo wajuzi hujitenga na wengine, kwani hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja kinyume cha upepo. Lazima ubishe: uende mshazari huku, ugeuze, uende mshazari kule.

Vidau viwili vikikutana, kinachopata upepo ubavu wa kushoto hupisha kinachoupata ubavu wa kulia. Vikiwa na upepo ubavu mmoja, cha joshini hupisha cha demanini. Ukikosea, unajihukumu mwenyewe: unajitenga na wenzako, unazungusha kidau mzunguko mmoja kamili, kisha waendelea. Mwenye malalamiko hupaza sauti akataja nambari ya tanga lake na ya anayemshtaki. Wa kwanza hupata pointi 1, wa pili 2, na mwenye pointi chache mwisho wa siku ndiye mshindi.

Mgeni humkanganya jambo moja. Kidau kikienda mbali nawe, kulia ni kulia. Kikigeuka kuja kwako, kulia kwake huwa kushoto kwako, na mkono hukosea. Dawa yake ni kujiweka ndani ya kidau kwa mawazo, ukatazama kinakotazama.

Kwetu pwani yapo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni chumvi. Kidau kikitoka majini kisuuzwe kwa maji baridi na kikaushwe hadi ndani, la sivyo waya huliwa. La pili ni maji kujaa na kupwa. Mkuku wa sentimita 42 hautaki fungu la mchanga, na wakati wa bamvua mkondo wa mlangoni huweza kukishinda kidau upepo ukiwa hafifu. Ndiyo maana sisi huchagua maji yaliyotulia, mkondo ukiwa umelala.

Sasa nirudi kwa wanaotucheka. Vijana wengi wetu leo wajua kuwasha mashini ya boti, lakini mwulize mmoja ajuavyo kubisha. Majahazi ya Lamu bado hushindana kwenye tamasha la utamaduni, na watu hujaa gatini kushangilia. Lakini anayeshangilia hajifunzi kushika demani. Wanaojifunza ni wale wachache waliomo chomboni, nao hawaongezeki.

Sidai kwamba kidau cha rimoti chaweza kumtengeneza nahodha. Hakikufundishi kutweka foromali, wala kukaa juu ya ubao uliochomozwa joshini chombo kikilala. Lakini chakufundisha kusoma upepo: kuona maji yakibadilika rangi kule mbali, ukajua mkupuo unakuja na wapi ujiweke. Mtoto wa miaka kumi aweza kulijifunza hilo akiwa amesimama mchangani, bila mamake kuhofia kuzama.

Gharama ipo. Rimoti, winchi na betri ni vitu vya kununua. Lakini sheria za IOM zaruhusu bodi ya mbao na mlingoti wa mbao. Matondoni kuna mafundi waliorithi kazi ya kuunda vyombo tangu mababu. Bodi ya mita moja, nyepesi na iliyonyooka, si kazi ya kuwashinda, na ni kazi ya kulipwa wakati maagizo ya majahazi yamepungua.

Tena mchezo huu hautaki nguvu. Mzee ambaye mikono yake haiwezi tena kuvuta demani bado anao upepo wote kichwani mwake, na elimu hiyo akifa nayo imekwenda. Mpeni rimoti ashindane na mjukuu wake. Kila akimpita kwenye boya, mjukuu atauliza amefanyaje, na mzee atamweleza.