Sura ya Sita: Kambi ya Shajara Katavi

Anayeandika shajara nyumbani huandika kwa kuibia muda: mtoto analia, chungu kiko motoni, simu inaita. Kambi ya shajara ipo kwa ajili ya kumtoa mtu huyo kwenye heka heka hizo. Watu sita au wanane wanaondoka mjini kwa siku tatu au nne, wanafikia mahali patulivu, kila mmoja na daftari lake. Wanaandika, wanachora, wanabandika majani na tiketi za safari. Jioni anayetaka huwasomea wenzake ukurasa wake, na hakuna anayemsahihisha.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Ira Progoff, alianza kuwakusanya watu waandike pamoja kimyakimya, kila mtu akishughulika na maisha yake. Miaka 20 baadaye James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao maarufu. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wale walioeleza jambo lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi, katika miezi iliyofuata, kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tangu hapo kambi nyingi zimekuwa za kuandika yaliyo moyoni. Ni kazi njema. Lakini kuwapeleka watu porini kisha kuwafungia chumbani waandike huzuni zao ni kuinyima kambi faida yake kubwa. Porini jicho litangulie, na moyo utafuata bila kuitwa.

Kwa kambi ya namna hiyo, mimi naupendekeza mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Kwanza kuna treni. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na hadi leo linabeba abiria. Ukurasa wa kwanza uandikwe humo ndani ya behewa: nani amekaa mkabala nawe, amebeba nini, kila stesheni inauza nini dirishani. Ukifika Mpanda, Sitalike iko kilomita kama 35 kusini, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mto Katuma unapita hapo hapo. Kiangazi kikikolea, kati ya Agosti na Oktoba, viboko husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki hadi wanalaliana.

Hapo ndipo kanuni ya kwanza ilipo. Mwanakambi siku ya kwanza huandika: "Leo nimeona viboko wengi, mandhari inapendeza sana." Sentensi hiyo angeweza kuiandika bila kutoka Dar es Salaam. Mrudishe kesho yake pamoja na mwongozaji, akae juu ya ukingo, mbali na maji, saa nzima, amchague kiboko mmoja tu. Sasa ataandika kwamba tope limemkaukia mgongoni na kupasuka vipande vipande. Kwamba sikio la kushoto lina pengo. Kwamba ameegemeza kidevu juu ya matako ya mwenzake, na mwenzake akihema naye anapanda na kushuka. Ataandika harufu. Asiyejua kuchora achore vivyo hivyo, kwa sababu mkono unaofuata mstari wa mgongo hulilazimisha jicho kuurudia mstari huo mara kumi.

Kanuni ya pili ni kuandika siku ile ile, na hiyo tunaipata kwa msafiri aliyepita nchi hii. Mwishoni mwa Desemba 1871 msafiri huyo, David Livingstone, na mwandishi wa habari Stanley walitoka Ujiji, wakashuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, kisha wakakatiza kwa miguu nchi za Wabende na Wakonongo hadi Tabora, walikofika Februari 18, 1872. Livingstone alikuwa na maandishi ya mwaka huo wa 1871, aliyoyaandika Kongo ya mashariki baada ya kuishiwa karatasi na wino. Alikuwa ameandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza herufi za chapa, kwa wino wa mimea. Wino ulififia, na haukusomeka vizuri mpaka 2011, wataalamu walipopiga picha kurasa hizo kwa mianga ya aina mbalimbali. Walipolinganisha na nakala safi aliyoiandika baadaye, wakakuta maelezo ya mauaji ya sokoni Nyangwe, huko huko Kongo, ya Julai 15, 1871 yamebadilishwa mahali kadhaa. Ndiyo maana kambini hatung'oi ukurasa wala hatufuti. Ukitaka nakala safi, iandike kwenye daftari jingine.

Shajara ya safari hizo ninayoiheshimu kuliko zote ni ya Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Livingstone alipofariki Mei 1873, Wainwright alikuwa mmoja wa watu takriban 60, wakiongozwa na watumishi wake Susi na Chuma, walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo kwa kupitia Tabora, na alikuwa akiandika. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka 1874. Maandishi yake mwenyewe ya Kiingereza yaliwekwa mbele ya umma mwaka 2019. Miaka 145 imepita kati ya hayo mawili, na hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Vifaa havina mambo mengi. Kaunta buku linatosha, na penseli, kwa sababu wino wa peni hutapakaa kwa jasho na mvua. Usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wa Katavi huzifuata rangi hizo. Simu ikae kwenye begi hadi jioni.

Siku moja iwe ya watu. Mtafute mfugaji nyuki, maana misitu ya miyombo ya mkoa huu ina asali nyingi, umwombe akueleze hatua kwa hatua mzinga wa gome unavyotengenezwa: gome linavyokatwa kuzunguka mti, linavyobanduliwa, linavyoshonwa. Atakwambia pia kwamba mti uliobanduliwa hivyo hufa, na ndiyo sababu siku hizi wanahimizwa kutumia mizinga ya masanduku. Kuandika kazi ya mtu kwa mpangilio wake ni zoezi gumu kuliko kuandika machweo. Mwombe ruhusa kwanza, na jioni msomee ulichoandika, akurekebishe. Ruhusa hiyo ni lazima zaidi ukifika Katumba au Mishamo, wanakoishi watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, wengi wao sasa raia wa Tanzania. Kisa cha mtu si mali ya daftari lako mpaka akupe.

Nimalizie na mto. Katuma umekuwa ukipungukiwa maji kiangazi, na sababu mojawapo ni maji yanayochepushwa huko juu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Kwa hiyo ukikaa Sitalike na daftari lako, usiandike tu kwamba mto ulikuwa mzuri. Andika maji yamefika kwenye jiwe lipi, chora jiwe hilo, hesabu viboko unaowaona, kisha weka tarehe kamili, mwaka, mahali na jina lako. Ukirudi mwaka mwingine, kaa pale pale uandike tena.