Sanduku la Posta Si Nyumba

Ukiulizwa unaishi wapi, utajibu nini? Bila shaka utaandika S.L.P., kisha 60200 Meru ama 60100 Embu. Jibu hilo linamtosha mwalimu wa Insha, lakini halimfikishi mtu mlangoni kwenu.

Desemba iliyopita nyanya yangu, anayeishi upande wa Runyenjes, alizidiwa usiku. Dereva wa gari tulilokodi alizunguka saa mbili nzima, nasi tukimwambia kwa simu, "Ukipita kituo cha majani chai, kata kushoto!" Vituo ni vingi. Nyanya alifika hospitalini alfajiri, akapona, lakini mimi sikusahau.

Basi muhula huu mimi na wenzangu watatu tukaanza kuunda tovuti ndogo ya kuonyesha nyumba zetu, sisi wanafunzi wa kutwa, kwenye ramani. (Ni mwalimu pekee awezaye kuifungua, msiogope!) Kazi yenyewe ni hivi: unaandika anwani, programu inaipeleka kwa huduma iitwayo Nominatim, inayotumia ramani ya OpenStreetMap iliyoanzishwa mwaka wa 2004, nayo inarudisha namba mbili, latitudo na longitudo. Ni ya bure, ila haitaki zaidi ya ombi 1 kwa sekunde. Kwa hivyo ukishapata jibu, lihifadhi.

Siku ya kwanza tulicheka mpaka machozi. Tuliingiza anwani za posta, na nyumba zote zikarundikana katikati ya mji! Kumbe sandukuni hulala barua, si watu. Tukaanza upya kwa jina la kijiji, soko na kaunti.

Halafu kuna namba zenyewe. Ikweta hupita kusini kidogo mwa mji wa Meru, kwa hivyo latitudo ya Meru ni 0.05, lakini ya Embu ni -0.54. Mwenzangu alisahau kile kistari cha kutoa, Embu ikaruka kilomita 120 hivi, ikatua ng'ambo ya Isiolo. Mwingine alitanguliza longitudo, 37.65, na Meru ikazama baharini kati ya Hispania na Algeria.

Kijiji cha nyanya hakikuwamo kabisa. Lakini ramani hiyo humruhusu yeyote kuongeza mahali anapopajua, basi Jumamosi moja nilipanda matatu, nikasimama uani kwake, nikasoma namba kwenye simu ya mjomba. Kijiji sasa kimo. Namba za boma lake nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wake, pamoja na kistari.